Wochidogi kwenye bodi ya gemu ni kitu gani?

Juzi kati dogo mmoja fundi redio wa hapa Ngamiani kaniletea bodi ya mashine ya gemu, zile za kutumbukiza sarafu za miaka ya 80, ananambia "broo hii ndo Tanga yenyewe, waja leo waondoka leo", maana ukiiwasha kioo kinajaa herufi ovyo ovyo, kinafutika, kinajaa tena, kinafutika, hivyo hivyo mpaka uchomoe waya. Na alishabadilisha pawa saplai mara mbili. Nikamwambia mdogo wangu, hiyo ni wochidogi inang'ata. Akanitolea macho tu.

Jina ni la Kiingereza, mbwa mlinzi, ila mi naona mbwa hamsaidii mtu kuelewa. We chukulia askari wa zamu ya usiku anayegonga kipande cha reli kila saa, bosi yuko ndani hamuoni wala hajui anazungukia wapi ila akisikia ngo ngo anajua jamaa yuko macho, siku kimya kikizidi anatoka kumtikisa. Kwenye bodi askari ndo prosesa, ile chipu kuu inayoendesha programu ya gemu, bosi ni kisaketi kidogo cha kuhesabu ambacho hakijui chochote kuhusu gemu, kazi yake kuhesabu tu, na programu ikiwa inaenda sawa kila mara inakirudisha sifuri. Ikisahau, hesabu inafika mwisho, kisaketi kinavuta waya wa riseti, wa kuanzisha upya, na prosesa inaanza upya kama ndo umeiwasha saivi.

Mfano mzuri Pac-Man ya 1980. Kile kihesabu chake kinahesabu picha zinazochorwa kwenye kioo, ambazo ni kama 60 kwa sekunde, zikipita 16 bila programu kuandika kwenye anwani 50C0, ndo namba ya pale pa kukirudisha sifuri, basi riseti, yani kama robo sekunde tu, hupati hata muda wa kushangaa. Na ilikuwa na maana yake, hizi mashine zilikuwa zinakaa baa na vibandani ambako hakuna fundi, umeme ukiyumba kidogo prosesa inapotea njia na kuganda na sarafu ya mtu iko ndani, sasa badala ya ugomvi mashine inajiamsha yenyewe. Hata chombo cha Marekani kilichotua Mars 1997, Pathfinder, kompyuta yake ilikuwa inajiriseti kule kule kwa mtindo huu huu, na mafundi wakaitibu wakiwa duniani.

Kwa hiyo wochidogi ikipiga, mara nyingi yenyewe ni nzima, inakwambia askari kalala. Sasa kalala kwa nini ndo kazi inaanza. Kama bodi ina prosesa aina ya Z80, weka ile kalamu ya kupimia lojiki, yenye vitaa, kwenye mguu wa 26 ambao ndo riseti. Ukiwasha volti yake inatakiwa iwe chini kidogo halafu ipande ibaki juu, ukiona inadunda dunda kama moyo ndo hiyo. Usirukie kubadilisha IC, yani chipu. Pima volti 5 hapo hapo kwenye mguu wa 11 wa prosesa, sio kwenye pawa, maana pawa inaweza kutoa 5 kamili halafu konekta chafu inakula njiani na huku chini imebaki 4.5, na hizi IC za zamani zinataka kati ya 4.75 na 5.25. Kisha mguu wa 6, kloku, yale mapigo yanayoiendesha prosesa, ipo? Ikiwepo sasa unaenda kwenye romu, chipu yenye programu, na ramu, kumbukumbu ya muda, na kwa sisi tunaokaa na upepo wa chumvi mi naanzaga na soketi, pale chipu inapochomekwa, kabla ya kitu kingine chochote, unang'oa romu taratibu unakuta miguu imekuwa myeusi kama imechomwa.

Kuna shida moja, huwezi kupima vizuri kitu kinachoanza upya kila robo sekunde. Hapo unamfunga mbwa kwanza. Bodi nyingi za kampuni ya Atari zina kinukta kimeandikwa WDDIS, ukikiunganisha na graundi wochidogi inanyamaza, prosesa inapotea inavyotaka na we unapita mguu kwa mguu kwenye njia za data na anwani kutafuta ule uliokufa, hauendi chini ya volti 0.8 wala haupandi juu ya 2, umekwama katikati. Ila ukimaliza toa hiyo waya jamani, nimeshakuta bodi imerudishwa kazini na waya umeachwa, ikiganda imeganda mpaka mtu akachomoe.

Na mara chache, chache kweli, kihesabu chenyewe ndo kibovu, programu inakirudisha sifuri hakisikii. Ukiifunga wochidogi na gemu likacheza vizuri kabisa, basi mtuhumiwa ni bosi.

Ile ya dogo ilikuwa soketi ya romu, mguu mmoja umeoza ukakatikia ndani. Soketi mpya, risasi ya kulehemu kidogo, ikawaka. Zile pawa saplai mbili bado anazo, anatafuta mteja.