Ukianzisha mradi, si lazima msimbo wote uwe wako

Kijana mmoja wa Dar es Salaam alinipigia simu. Yeye na wenzake wana programu huria ya kutunza hesabu za vikoba, yaani msimbo wake (maandishi yanayounda programu) uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha. Waliitoa kwa leseni ya GPL, inayodai kuwa anayeisambaza, hata ikiwa ndani ya programu nyingine, atoe msimbo pia. Sasa amepatikana mteja anayetaka leseni nyingine, ili aiingize ndani ya bidhaa yake ambayo msimbo wake hautolewi. "Kaka, mradi niliuanzisha mimi. Si nabadilisha tu lile faili la leseni?"

Nikamuuliza waliochangia ni wangapi. Akahesabu: kumi na mmoja. Basi, nikamwambia, wa kuulizwa ni kumi, ukijitoa wewe.

Kosa lake ni la wengi, na nahisi chanzo chake ni harambee. Ukichangia mfuko wa saruji, saruji si yako tena, ni ya shule. Programu huria hufanana na harambee kwa mbali tu. Mchangiaji haachi mali yake, anaruhusu itumike kwa masharti ya leseni iliyokuwapo siku alipochangia. Hakimiliki hubaki kwake tangu alipoandika mistari yake, hata kama hajaisajili popote. Akifa, inakwenda kwa warithi. Kwa sheria za Tanzania na Kenya hudumu miaka 50 baada ya kifo. Na kama aliandika akiwa kazini, huenda wa kuombwa ruhusa ni mwajiri wake.

Mfano ninaoupenda ni VLC, kile kichezeshi cha video chenye koni ya rangi ya chungwa. Kilitokana na mradi ulioanzishwa mwaka 1996 na wanafunzi wa École Centrale Paris, na mwaka 2001 chuo kikaridhia utolewe kwa GPL. Januari 2011 VLC ikaondolewa kwenye duka la programu la Apple baada ya mmoja wa wasanidi wake kulalamika kuwa masharti ya duka yanagongana na GPL. Alikuwa mtu mmoja tu kati ya wengi, lakini mwenye hakimiliki hahitaji kura za wenzake ili adai haki yake.

Jean-Baptiste Kempf, kiongozi wa mradi, akaanza safari ya kuhamia LGPL, ndugu ya GPL yenye masharti mepesi zaidi, ili wengine waweze kutumia injini ya VLC ndani ya programu zao. Injini ilikamilika 2011, moduli (vipande vya kuchomeka) nyingi za uchezaji 2012, na kwa moduli peke yake waliotakiwa kuridhia walizidi 200. Kazi yenyewe inachosha: unapekua historia ya git, kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo, kujua nani aliandika nini, unakuta baruapepe za chuo zilizokufa zamani, unaanza kuulizia watu. Msimbo ambao ruhusa yake haikupatikana, ama unaandikwa upya ama unabaki na leseni yake. Ndiyo maana hadi leo baadhi ya moduli za VLC ni za GPL.

OpenSSL, mradi wa programu ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, walijaribu njia ya mkato. Mwaka 2017 waliwaandikia wachangiaji kuomba kuhamia leseni ya Apache 2.0, wakaongeza kwamba asiyejibu watachukulia hana pingamizi. Walilalamikiwa sana, na kwa haki. Kimya kuwa ridhaa ni mambo ya posa za zamani, si ya hakimiliki. Toleo la kwanza lenye leseni mpya, 3.0, lilitoka Septemba 2021.

Linux, kiini cha mfumo endeshi, hata haijaribu. Msimbo wake ni wa maelfu ya watu na leseni yake ni GPL toleo la 2 pekee, bila yale maneno madogo "au toleo lolote la baadaye". Mradi wenye maneno hayo unaweza kuhamia GPL toleo la 3 bila kumuuliza mtu.

Utaniuliza: mbona kampuni ya HashiCorp ilibadilisha leseni ya Terraform, programu yake ya kusimamia seva, Agosti 2023 kwa tangazo moja tu? Kwa sababu wachangiaji walikuwa wameshasaini mkataba unaoipa kampuni uwezo huo. Redis, wenye programu ya hifadhidata, walipobadilisha Machi 2024 walitegemea kitu kingine: leseni ya zamani, BSD, inaruhusu msimbo kuingizwa kwenye kazi yenye masharti tofauti, mradi majina na ilani za wenyewe zibaki. Ila hakuna aliyeweza kuzirudisha nyuma nakala zilizokwisha kutolewa. Watu walizichukua hizo wakaanzisha miradi mbadala: OpenTofu kutoka Terraform, na Valkey kutoka Redis. Mimi mikataba kama ule wa HashiCorp husaini kwa shingo upande, na kwanza husoma kama naruhusu tu au nahamisha umiliki mzima.

Yule kijana amepata ridhaa tisa, zote kwa maandishi. Wa kumi alikuwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, aliandika sehemu inayosoma jumbe za malipo ya simu, na namba yake haipatikani. Nimeshauri sehemu hiyo iandikwe upya, na mtu ambaye hajawahi kulifungua faili lile.