Chambo ni nini machoni pa sheria ya uwindaji?

Mpwa wangu anaishi Michigan, Marekani. Mwezi wa kumi na moja alinitumia picha: rundo la karoti limemwagwa chini ya mti, theluji pembeni, nyayo za kwato zimelizunguka kila upande. Akaandika, "Mjomba, huku karoti hizi zinauzwa kwa magunia kwenye vituo vya mafuta, na si za watu kula. Ni za kuwaita wanyama. Jirani mmoja ananiambia ni halali, mwingine anasema ni kosa. Nimwamini nani?"

Nilimjibu kwamba inategemea rundo hilo liko wapi. Akadhani namkwepa. Lakini ndivyo sheria ya chambo ilivyo, na inafaa kuielewa hata kwetu Uganda, maana huku nako chambo kimewahi kutuletea msiba.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Anayewindwa kwa karoti kule ni ayala, yule ambaye wasomaji wa Biblia wanamkuta katika Zaburi ya 42 akiitamani mito ya maji. Wengi humwita kulungu au paa, na katika mazungumzo hakuna ubaya, ila si mnyama wa kwetu. Pembe za ayala dume zina matawi, naye huziangusha kila mwaka zikaota nyingine. Swala pala, pongo na kobu, huyo kobu aliye kwenye nembo yetu ya taifa, pembe zao hazina matawi wala hazidondoki. Kusini mwa Sahara hakuna ayala wa asili hata mmoja.

Sasa chambo. Sisi wa kandokando ya maziwa neno hili tunalijua kwa ndoana: mnyoo, kipande cha samaki. Katika sheria ya uwindaji limepanuka. Chambo ni chochote kilichowekwa na mtu ili kumvuta mnyama afike pale mwindaji anapomtaka: mahindi, matofaa, karoti, chumvi, hata madini ya kulamba. Uzito wa maana hiyo uko kwenye neno "kilichowekwa". Mahindi yaliyosimama shambani si chambo. Yaliyodondoka wakati wa kuvuna kwa kawaida nayo si chambo. Mahindi yaleyale ukiyavuna, ukayarudisha kwa ndoo na kuyamwaga mbele ya kibanda chako cha kuvizia, hapo yamegeuka.

Marekani kila jimbo lina kanuni zake. Texas inaruhusu chambo kwa ayala kwenye ardhi ya watu binafsi. Illinois inakataza, na inahesabu chumvi na madini pia. Michigan yenyewe imekatika katikati: ina rasi mbili, na tangu tarehe 31 Januari 2019 rasi ya kusini imepigwa marufuku, isipokuwa nafuu fulani kwa wawindaji wenye ulemavu. Rasi ya kaskazini iliachiwa, kwa kipimo: galoni 2 tu mahali pa kuwindia, yaani kama lita 7.5, zitawanywe kwenye eneo lisilopungua futi 10 kwa 10. Ndiyo maana majirani wawili wa mpwa wangu wanaweza kubishana wakiwa wote wanasema kweli.

Kwa nini zitawanywe? Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na watu wengi hupapita haraka. Wanadhani sheria inamwonea huruma mnyama kwa kuwa kumpiga akila si uungwana. Hoja hiyo ipo. Lakini iliyosukuma marufuku nyingi ni magonjwa. Michigan ilipata kifua kikuu cha ng'ombe ndani ya ayala wake miaka ya 1990. Kisha kuna ugonjwa unaowadhoofisha ayala mpaka wanabaki mifupa, uliotambuliwa kwanza Colorado mwaka 1967. Huletwa na prioni, protini zilizopinda umbo, ambazo hutoka kwa mate, mkojo na kinyesi na kukaa kwenye udongo kwa miaka. Hauna chanjo wala dawa. Ayala akila majani msituni hula huku akitembea, mdomo huu hapa na ule kule. Rundo moja huleta midomo ishirini mahali pamoja, usiku baada ya usiku, kila mmoja ukiacha mate kwenye karoti ambayo mwingine ataimalizia.

Kingine kinachowashangaza watu ni muda. Illinois huhesabu mahali kuwa pana chambo kwa siku 10 baada ya chambo chote kuondolewa, na sheria ya shirikisho kuhusu ndege wahamao ina siku 10 vilevile. Kufagia asubuhi ukawinda jioni hakukuokoi, kwa sababu mnyama aliyezoea kula mahali hurudi hata pakiwa patupu. Tena kwa ndege hao, si lazima uwe ndiye uliyemwaga nafaka. Inatosha kwamba ulijua, au ulipaswa kujua, kuwa ipo.

Nikirudi nyumbani, swali linabadilika kabisa. Uganda hakuna mtu wa kuuliza amwage lita ngapi. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1979, na wa kitalii ukarudishwa kwa majaribio mwaka 2001 kwenye ranchi zinazozunguka Hifadhi ya Ziwa Mburo, chini ya Mamlaka ya Wanyamapori. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, mnyama wa porini ni mali ya serikali kwa niaba ya wananchi, hata akiwa amesimama katikati ya mihogo yako. Kumwinda kunataka kibali. Bila kibali kosa ni uwindaji wenyewe, uwe na chambo au usiwe nacho.

Kuna chambo kimoja ambacho siwezi kukiandika kwa utulivu: mzoga uliotiwa sumu. Aprili 2018, karibu na kijiji cha Hamukungu ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth, simba 11 walikufa, wanane kati yao watoto. Machi 2021 huko Ishasha, ndani ya hifadhi hiyohiyo, wakakutwa wengine 6 wamekatwa viungo, na kando yao tai waliokufa. Wahifadhi walishuku sumu mara zote mbili. Tai ndio ushahidi wa ubaya wa njia hii: hakuna aliyewalenga, walikuja kwa sababu nyama ilikuwa pale. Kwa wanyama walio hatarini kutoweka, sheria hiyo ya 2019 inafika hadi kifungo cha maisha, au faini ya shilingi bilioni 20.

Na chumvi je? Wafugaji wengi wanaopakana na hifadhi huwawekea ng'ombe chumvi. Nimeliona jiwe la chumvi lililolambwa mpaka likawa na shimo laini katikati kama kinu kidogo, na alfajiri, kabla ng'ombe hawajafunguliwa, kwato ndogo za swala zimechapwa kwenye tope lililolizunguka. Mwenye jiwe lile hakuwa mwindaji. Alilipeleka kwa ajili ya mifugo yake, na swala walijialika. Ila siku atakapotega waya kwenye njia ya kuingilia pale, jiwe ni lilelile na chumvi ni ileile, lakini hataweza tena kumwambia askari wa wanyamapori kwamba aliliweka kwa ajili ya ng'ombe.

Mpwa wangu alinipigia tena wiki iliyofuata. Kumbe anakaa rasi ya kusini.