Kwa nini serumu ya kinini haikimbizwi?

Ukilinda mgonjwa wa malaria kali hospitalini hapa Bukavu, huenda umeliona hili: chupa iko nusu, masaa mawili yamepita, na ndugu mmoja anapeleka kidole kwenye kigurudumu cha mrija ili matone yaongeze mwendo. Muuguzi akimkuta hamwachi. "Baba, usiguse hapo! Kinini kinaenda masaa manne." Siku hizi dawa ya kwanza ya malaria kali ni artesunati, inayosukumwa mshipani kwa dakika chache, basi wa kitanda cha jirani anaweza kumaliza mapema. Lakini kinini bado kipo, na mji huu una undugu nacho: Pharmakina, kiwanda cha hapa hapa, kimekitoa kwenye magome ya mti wa kinkina unaolimwa milimani Kivu.

Kinachoogopwa ni moyo, hasa nusu ya pigo ambayo watu hawaifikirii: namna seli inavyojituliza baada ya kushtuka.

Seli ya misuli ya moyo ikiwa imetulia, ndani yake kumejaa potasiamu na nje kumejaa sodiamu. Potasiamu kidogo huvuja kwenda nje na kuondoka na chaji yake chanya, hivyo ndani hubaki hasi, kama milivolti 90. Jiwe moja la redio lina milivolti 1,500, kwa hiyo utasema hiki ni kiumeme cha kuchekesha. Kumbuka tu kwamba utando unaotenganisha ndani na nje haufikii unene wa sehemu moja ya laki moja ya milimita. Juu ya kitu chembamba hivyo, milivolti 90 ni mkazo mkubwa sana.

Amri ya kupiga haitoki kwenye ubongo; ubongo huharakisha au kupunguza tu. Inatoka kwenye kundi dogo la seli juu ya chumba cha kulia cha moyo, seli ambazo hazijui kutulia: sodiamu huzivujia ndani taratibu mpaka zinashtuka zenyewe, mara 60 hadi 100 kwa dakika kwa mtu mzima aliyepumzika. Mshtuko ukiifikia seli ya jirani, milango yake ya sodiamu hufunguka, sodiamu huingia kwa kishindo, na katika milisekunde moja au mbili ile hasi 90 imekuwa chanya 20 au 30. Milango hiyo hujifunga mara moja, na kufuli juu.

Neva ingekuwa imeshamaliza kazi hapo. Moyo bado, na hapa ndipo mimi hupapenda kuliko pote. Kalsiamu inaingia huku potasiamu ikitoka, zinalingana, na umeme unabaki juu. Mzunguko mzima huchukua milisekunde 200 hadi 300. Kalsiamu iliyoingia hufungua akiba kubwa zaidi ya kalsiamu iliyomo ndani ya seli, nayo ndiyo inayokaza misuli. Muda wote huo sodiamu iko kifungoni, kwa hiyo amri mpya haisikiki. Msuli wa mguu unaweza kupigwa na amri mfululizo hadi ukakakamaa. Moyo hauwezi, kwani ukifika wakati wa kusikia tena, misuli imeshaanza kulegea. Moyo uliokakamaa usingejaa damu.

Halafu milango ya potasiamu inafunguka taratibu, ya kalsiamu inafunga, potasiamu inatoka na umeme unashuka hadi hasi 90. Pampu za utando husafisha nyuma, sodiamu tatu nje kwa potasiamu mbili ndani. Kwenye karatasi ya elektrokadiogramu, yaani mchoro wa umeme wa moyo, ambayo ilimpatia Mholanzi Willem Einthoven tuzo ya Nobel mwaka 1924, ncha kali ya QRS ni vyumba vikubwa vikishtuka, na kilima cha T ni hivyo hivyo vikitulia.

Kinini kinaingilia hapo. Ndani ya gome lile lile mna kinidini, chenye atomi zile zile zilizopangwa tofauti kidogo, nacho huziba milango ya potasiamu. Utulivu unachelewa, nafasi kutoka Q hadi mwisho wa T inarefuka, na milango ya kalsiamu inaweza kufunguka tena kabla ya wakati na kuzaa pigo la wizi linalovuruga mengine. Kinini ni dhaifu zaidi kwa hilo, lakini kikisukumwa haraka kinajaa kwenye damu kwa ghafla: presha inashuka, mapigo yanaweza kupotea njia. Ucheleweshaji huo huo umewahi kuwa tiba. Mwaka 1912 mfanyabiashara mmoja alimwambia daktari Karel Wenckebach kwamba mapigo yake yakivurugika huyanyoosha kwa kinini. Mwaka 1918 Walter Frey akaonyesha kwamba kinidini hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Kipindupindu nacho kinagusa milango hiyo ya potasiamu. Kuhara sana humwaga potasiamu, na ikipungua nje ya seli, baadhi ya milango yake hupitisha kidogo zaidi, ingawa ungetegemea kinyume. Mgonjwa wa namna hiyo akiwekewa na kinini, moyo wake unacheleweshwa mara mbili. Pakiti ya SRO, ile chumvi ya kunywa ya kurudisha maji mwilini, ina gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu kwa lita moja ya maji. Maji ya sukari na chumvi yanayokorogwa nyumbani hayana. Ndizi mbivu inayo.