Biodizeli: maana yake, na inavyokaa kwenye pikapu ya zamani

Biodizeli ni mafuta ya mimea au ya wanyama yaliyobadilishwa kikemia kwa methanoli (aina ya alkoholi) na kostiki hadi yakawa mepesi kiasi cha kupita vizuri kwenye pampu na nozo za injini ya dizeli. Bila mabadiliko hayo, mafuta hubaki mafuta ya kupikia. Mafuta ya nazi ya Mikindani, ya alizeti, au yale meusi yaliyobaki kwenye karai la chipsi na samaki si biodizeli, hata yachujwe kwa kitambaa mara ngapi.

Tunaanza na hilo kwa sababu ndipo magari mengi yanapoharibikia. Mtu humimina mafuta ya kula kwenye tangi, gari linawaka, linatembea, anaona kazi imekwisha. Ubaya hauonekani siku hiyo. Kwa nyuzi 40 za Selsiasi, mnato wa dizeli ya kituoni, yaani uzito wake wa kutiririka, ni kati ya sentistoki 2 na 4.5 hivi, wa biodizeli ni 3.5 hadi 5, na wa mafuta ya kula ni 30 hadi 40. Nozo imetengenezwa ipulize ukungu. Ikipewa kitu kizito namna hiyo hutoa matone, na matone hayaungui yakaisha. Masizi magumu hujengeka kwenye ncha ya nozo, ringi za pistoni hukwama, na mafuta mabichi hushuka hadi kwenye oili ya injini na kuifanya nzito. Ni kweli kwamba kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ndogo ya kampuni ya Otto iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, zao lilelile ambalo Waingereza walikuja kulilima Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940. Lakini kuendesha injini kwa maonyesho ni jambo moja, na kuipandisha pikapu Newala na mzigo kila wiki ni jambo jingine.

Kusini mwa Tanzania kuna swali linaloulizwa sana: vipi mafuta ya maganda ya korosho? Jibu ni hapana. Yale mafuta ya ganda, yanayounguza ngozi za wabanguaji, hayana muundo wa mafuta ya kula. Ni jamii ya fenoli, kwa hiyo methanoli na kostiki hazina cha kuyabadilisha. Viwandani yana matumizi mengine, kama kwenye rangi na pedi za breki. Usiyatie kwenye tangi, hata kwa kuchanganya. Ufuta nao unatoa mafuta yanayofaa kabisa, ila kwa bei zake za mnadani ni hasara tupu kuuchoma kwenye injini. Mbono kaburi (jatrofa) unafaa kwa mafuta, na Kilwa kampuni ya Kiholanzi ya Bioshape ilichukua ardhi kubwa kwa ajili yake mwishoni mwa miaka ya 2000. Mradi ule haukufika mbali. Kwa mtu wa kawaida wa Lindi au Mtwara, malighafi yenye maana ni mafuta yaliyokwisha kukaangia.

Sasa kinachotendeka ndani ya pipa. Chembe moja ya mafuta ni glisirini iliyoshikilia nyuzi tatu za asidi za mafuta. Kostiki, ileile ya watengeneza sabuni, husaidia kuzikata nyuzi hizo, na kila uzi hushikana na methanoli. Nyuzi hizo zilizoshikana na methanoli ndizo biodizeli, nayo huelea juu. Glisirini, nzito na nyeusi, huzama chini.

Kwa lita 100 za mafuta, methanoli ni lita 20. Kostiki kwa mafuta mapya ni gramu 5 kwa kila lita, yaani gramu 500. Mafuta yaliyokaangiwa yana asidi huru inayokula kostiki kabla kazi haijaanza, kwa hiyo hupimwa kwanza. Changanya mililita 1 ya mafuta na mililita 10 za alkoholi ya isopropili, kisha dondoshea maji yaliyoyeyushwa kostiki kwa kiwango cha gramu 1 kwa lita, hadi kiashiria kibadilike rangi na kubaki hivyo nusu dakika. Fenolfthalini hugeuka waridi. Asiyekuwa nayo anaweza kutumia bizari ya manjano: kwenye asidi ni njano, ikivuka inakuwa nyekundu ya kahawia. Kila mililita uliyodondoshea ni gramu moja ya kuongeza kwa kila lita ya mafuta. Zikitumika mililita 3, utaweka gramu 8. Zikivuka 5 au 6, mafuta hayo yamechoka mno. Yachanganye na mazuri au yaache.

Maji ndiyo adui mkubwa wa kazi hii, na pwani yetu ina unyevu mwaka mzima. Mafuta hupashwa hadi nyuzi 110 mpaka yaache kutoa mapovu na milio, kisha huachwa yapoe hadi 55. Usiyapandishe tena kutoka hapo, kwa kuwa methanoli huchemka karibu na nyuzi 65. Kostiki huyeyushwa ndani ya methanoli peke yake, kwenye chombo cha plastiki ngumu chenye kifuniko, ndipo humiminwa kwenye mafuta na kukorogwa kwa muda wa saa moja. Acha itulie usiku mzima. Ukikuta mchanganyiko wote umeganda kama uji, ujue kulikuwa na maji au kostiki ilizidi: umetengeneza sabuni.

Ukishatoa glisirini chini, biodizeli huoshwa kwa maji ya kunyunyizia polepole, mara tatu au zaidi, hadi maji yatoke safi. Kisha hukaushwa hadi uweze kusoma gazeti kupitia chupa yake. Usiiruke hatua hii. Mabaki ya kostiki na sabuni huziba filta na kukwangua pampu.

Methanoli ni sumu. Inapofusha na kuua, inaingia kwa kunywa, kwa kuvuta mvuke na hata kwa ngozi, na moto wake mchana hauonekani vizuri. Kazi ifanyike nje, kwa glavu na miwani, bila jiko la mkaa wala sigara karibu. Chombo kiandikwe kwa herufi kubwa na kifungiwe mbali na watoto. Glisirini ya chini ina methanoli pia, kwa hiyo isigawiwe kwa mtengeneza sabuni ikiwa mbichi.

Kabla ya kuitia kwenye gari, kuna kipimo rahisi. Tia mililita 3 za biodizeli kwenye mililita 27 za methanoli, utikise, uache dakika chache. Ikiyeyuka yote na kubaki angavu, mabadiliko yamekamilika. Mafuta yakikaa chini, rudia kazi. Kipimo hiki hufanywa kwenye nyuzi 20 hadi 22, na joto la mchana la Mtwara hukifanya kipitishe kisichostahili; poza vyote kwenye maji baridi kwanza.

Pikapu ya zamani inafaa kuliko gari jipya, na sababu ni ya kiufundi. Hilux za injini ya 2L, 3L na 5L, na Land Cruiser ya 1HZ, huchomea mafuta kwenye chumba kidogo kabla ya silinda, na nozo zake hazihitaji shinikizo kubwa kama za magari ya sasa. Hazina pia chujio la moshi linalojisafisha kwa kupulizia mafuta ya ziada, ambayo kwa biodizeli huishia kwenye oili. Pampu zake za mzunguko hulainishwa na mafuta yenyewe yanayopita ndani. Hapo biodizeli inasaidia kweli: mwaka 2015 kiwango cha dizeli cha Afrika Mashariki kilishushwa hadi salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na usafishaji unaoondoa salfa hupunguza ulainishaji. Hata asilimia 2 ya biodizeli huurudisha.

Udhaifu wa gari la zamani ni mipira. Mipira asilia na ile ya nitrili iliyokuwa ya kawaida kabla ya katikati ya miaka ya 1990 huvimba, hulainika, kisha huvuja. Badilisha mipira ya kupeleka na kurudisha mafuta, ile midogo inayounganisha nozo, na kiwambo cha pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Ulizia ya Viton, aina ya mpira isiyodhurika na biodizeli. Oringi za ndani ya pampu ni kazi ya fundi wa pampu. Zikianza kuvuja utaona unyevu kwenye shingo ya pampu, na gari litakuwa gumu kuwaka asubuhi kwa kuwa hewa imeingia.

Jambo la pili ni uchafu wa miaka. Biodizeli huyeyusha tope lililoganda kwenye tangi na kulipeleka lote kwenye filta. Gari litakosa nguvu kwenye mlima, kisha litazima. Wengi huilaumu biodizeli, wakati kilichoziba ni uchafu wa dizeli ya zamani. Fungua plagi ya chini ya tangi, limwage na kulisafisha kabla ya kuanza. Beba filta mbili za akiba, badilisha ya kwanza baada ya tangi moja au mawili, na usianze jaribio hili Oktoba gari likiwa limekodiwa kubeba korosho.

Mchanganyiko hutajwa kwa herufi B na asilimia. B20 ni asilimia 20 ya biodizeli. Kwenye tangi la lita 60 ni lita 12. Anza na B5, kaa nayo matangi mawili, panda hadi B20. Kwa mipira ya zamani isiyobadilishwa, B20 ndiyo mwisho wa busara. B100 ina nguvu pungufu kwa asilimia 8 hivi kwa lita, na kwenye mwinuko utaihisi. Badilisha oili mapema kuliko kawaida, na chunguza kijiti: oili ikipanda badala ya kushuka, mafuta yanavuja ndani, simamisha gari.

Kuganda kwa baridi si tatizo letu la pwani. Ila biodizeli iliyotoka kwenye mafuta ya mawese huanza kutia ukungu karibu na nyuzi 13 hadi 16, kwa hiyo anayelala Newala mwezi wa Julai abaki na B20.

Uhifadhi ndio wa kuangaliwa. Joto, hewa na unyevu huichachusha, ikawa na asidi na gundi. Usitumie pipa la bati lililopakwa zinki, wala bomba la shaba au koki ya shaba nyeupe, maana zinki na shaba huharakisha kuoza. Madumu ya plastiki ngumu au pipa la chuma kisichopakwa zinki yanafaa, yajazwe hadi juu, yafungwe, yakae kivulini. Itumie ndani ya miezi mitatu. Gari litakalolala msimu mzima wa masika liachwe na dizeli ya kawaida, tangi likiwa limejaa, na maji ya chini ya filta yamwagwe kabla ya kuliwasha tena.