Injini ya MGB ya 1963: usiitupe kabla hujaipima

Mwenye MGB hii, gari ndogo ya Kiingereza ya michezo, alipokuja gereji kwangu Jang'ombe alikuwa ameshaonana na mafundi watatu, na wote walimwambia neno moja: toa hiyo injini, tia ya Toyota. Spea zake zipo mjini, kila fundi anaijua, na gari itatembea wiki hiyo hiyo. Siwalaumu, maana ndivyo tunavyoponya gari nyingi hapa Unguja. Lakini mzee yule aliniuliza swali ambalo hakuna aliyelijibu: "Mwanangu, imekufa kweli, au imelala?" Nikamwambia, "Mzee, sijui mpaka niipime."

Ubavuni mwa bloku kuna kibati kilichopigiliwa, na namba yake inaanza na 18G tupu, bila ya A wala B kuifuata. Herufi hizo zina maana kubwa. MGB ilianza kuundwa Abingdon, Uingereza, mwaka 1962, na injini zake za mwanzo zina krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, iliyoshikwa na beringi sehemu tatu tu. Mwishoni mwa 1964 ikaja 18GB, yenye krenki iliyoshikwa sehemu tano. Zote ni za silinda nne, ujazo wa sm³ 1798, upana wa silinda milimita 80.26 na mwendo wa pistoni milimita 88.9. Wapo wanaoidharau ile ya sehemu tatu. Mimi naipenda, kwa sababu inazunguka kwa wepesi, na kwa sababu ndiyo iliyozaliwa na gari hii. Ukiitupa, hutaipata nyengine Unguja nzima.

Ilikuwa imejamu, haizunguki, na mkosaji ni bahari. Injini ya silinda nne inapozimwa, haikosi valvu iliyobaki wazi. Gari ikikaa miaka kwenye banda la makuti karibu na pwani, hewa ya chumvi hupita hapo hapo ikashuka kwenye silinda. Nilipotoa plagi na kumulika, tatu kati ya silinda nne zilikuwa safi, lakini silinda namba tatu ilikuwa nyekundu kwa kutu. Kijana wangu alishaleta bomba refu ili tuizungushe krenki kwa nguvu. Nilimzuia. Ringi ya pistoni iliyoshikwa na kutu ukiivuta hukatika, na kipande chake huchana ukuta wa silinda kutoka juu mpaka chini. Tulimimina oili ya giaboksi ya otomatiki iliyochanganywa na asetoni, tukaacha, tukaongeza kila jioni. Siku ya kumi na mbili gurudumu la krenki lilisogea kiasi cha upana wa ukucha. Nilifurahi siku ile kuliko siku ilipowaka.

Kabla hujafungua chochote, tafuta spana za inchi. Spana za mm tunazotumia kwa gari za Kijapani hazikai hapa. Nati ya inchi 9/16 ni milimita 14.29, kwa hiyo spana ya 14 haiingii na ya 15 inateleza na kuila pembe. Nimeona bloku nzuri zimeharibiwa nati zote kwa sababu hiyo tu.

Hedi inashikwa na nati 11, na nne kati yake ndizo zinazoshika pia mhimili wa roka, vile vikono vinavyosukuma valvu. Hapa wengi hukosea: wanataka kutoa roka peke yake, wanalegeza zile nne na kuziacha saba zimekaza, na hedi inapinda. Mwaga maji kwanza, kisha legeza zote 11 kidogo kidogo kwa zamu.

Sasa kipimo, na hapa ndipo ninapotumia siku nzima bila kuona haya. Silinda hailiki sawasawa. Inalika zaidi karibu na juu, pale ringi ya kwanza inaposimama na kugeuka, na zaidi kwa upande ule pistoni inapoegemea. Kwa hiyo unapima juu, katikati na chini, na kila mahali mara mbili, kwa urefu wa injini na kwa upana wake. Silinda ya tatu ilinipa milimita 80.44 juu, na 80.27 chini. Tofauti hiyo haiponi kwa ringi mpya. Dawa yake ni kuchonga zote nne zifikie pistoni kubwa zaidi kwa inchi 0.020, yaani milimita 80.77. Chuma cha bloku kina akiba yake, na kila kuchonga ni kuila akiba hiyo, ndiyo maana sichongi mpaka nijue kiasi cha chini kabisa kinachotosha.

Krenki nayo ilinisimulia historia yake. Geuza beringi za zamani utazame mgongoni: zilikuwa zimepigwa muhuri 010. Maana yake kuna fundi aliyewahi kuisaga inchi 0.010, akafanya kazi safi. Shingo zote zilikuwa bado duara, hazina michirizi. Tuliing'arisha tu, tukatia beringi mpya za kipimo hicho hicho. Asiyetazama mgongo wa beringi angeisaga tena bure.

Kisha maji. Nilipotoa vizibo vya ubavuni, nyuma ya silinda ya nne palikuwa pameziba kabisa kwa utando mweupe mgumu. Kila mwenye birika Unguja anaujua utando huo. Maji ya visima vyetu yanapita kwenye mawe ya matumbawe, na chokaa yake huganda panapochemka. Silinda ya nne ndiyo iliyo mbali na rejeta, kwa hiyo ilikuwa inapikwa. Tuliukwangua kwa waya na tindo nyembamba, siku mbili. Na msitie maji ya mvua mkidhani mmepona, maana paa lililo karibu na pwani lina chumvi. Tieni maji ya kuongezea betri, yale safi yasiyo na chumvi wala asidi, pamoja na dawa ya rejeta.

Hedi ni ya chuma cha kusubu, na vikalio vya valvu vimechongwa kwenye chuma hicho hicho. Zamani risasi iliyokuwamo kwenye petroli ilivikinga. Azimio la Dakar la 2001 lilitaka Afrika kusini mwa Sahara iachane na petroli ya risasi ifikapo mwisho wa 2005, na kwa afya za watoto wetu ni jambo la kushukuru. Lakini valvu za moshi za injini hizi sasa hula vikalio vyake taratibu mpaka mwanya kati ya valvu na roka unakwisha. Tuliweka pete za chuma kigumu upande wa moshi.

Bloku ilivuka kwa boti kwenda Dar es Salaam kuchongwa, na pistoni zilikwenda nayo. Hili sina mjadala nalo tena. Miaka ya nyuma nilipeleka bloku peke yake kwenye karakana moja, wakachonga kwa namba ya kitabuni, na pistoni zilipofika zikawa zinabana. Injini ilijamu siku ya pili. Mchongaji lazima aipime pistoni yenyewe mkononi, kila moja na silinda yake.

Kufunga kulichukua siku nne. Ringi kila moja iliingizwa kwenye silinda yake na mwanya kati ya ncha zake ukapimwa, kati ya milimita 0.30 na 0.56. Nati za hedi zilikazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, mpaka nyutonimita 65. Valvu zina mwanya wa inchi 0.015, na njia ya kuzipanga ni nyepesi: valvu ya 8 ikiwa wazi kabisa, panga ya 1, ya 7 ikiwa wazi, panga ya 2. Jumla iwe tisa daima.

Kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, ilikuwa mpya, na tapeti zinazopanda juu yake ni bapa, zinasuguana nayo chuma kwa chuma. Oili nyingi za leo zimepunguzwa zinki inayozilinda. Tulitafuta oili ya madini ya 20W50 yenye zinki ya kutosha. Tuliizungusha injini kwa stata bila ya plagi mpaka mshale wa presha ya oili ulipopanda, ndipo tukawasha. Ilishika mara ya tatu, na sikuiacha ipumzike: dakika ishirini kwa mizunguko kama 2000, ili kamshafti na tapeti zizoeane. Ikiwa moto, presha ya oili ilisimama kwenye 60 psi.

Mzee alikaa kwenye kibaraza muda wote ule, mkono mmoja sikioni. Nilimwambia mambo mawili. Baada ya kilomita 800 airudishe, nikaze hedi na kupanga valvu upya. Na akiona tone la oili sakafuni chini ya giaboksi asishtuke, kwa sababu injini ya sehemu tatu haina sili ya mpira nyuma ya krenki. Ina mfereji wa mzunguko unaoirudisha oili ndani, na ikisimama hudondosha kidogo. "Acha idondoshe," alisema, akaomba funguo.