Kichwa kinachouma wiki tatu kwa anayeishi na VVU, na sababu ya kutoa maji ya mgongo

Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kichwa kinamuuma wiki ya tatu sasa. Amepimwa malaria mara kadhaa, hana. Ametibiwa taifodi, amebadilishiwa dawa za maumivu, akaambiwa ni mawazo. Anapofika wodini anatapika na kuona vitu viwiliviwili. Homa si kali, shingo inakunjika. Ni dada yake anayenivuta pembeni na kusema kwa sauti ya chini: "Daktari, dawa zake za kufubaza aliacha tangu mwaka jana."

Mgonjwa huyu nimemuunganisha kutoka kwa wengi ili asitambulike yeyote. Madaktari wa magonjwa ya ndani wa ukanda huu tunamjua vizuri. Ana homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi aitwaye kriptokoka. Fangasi huyu anaishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha ndege, hasa njiwa, na tunamvuta kwa pumzi bila kujua. Mwenye kinga nzuri humdhibiti. CD4, yaani hesabu ya seli za kinga kwenye damu, ikishuka chini ya 100, fangasi hutoka mapafuni na kupanda ubongoni. Makadirio ya mwaka 2020 yanasema ugonjwa huu ulihusika na takriban vifo 112,000 duniani, karibu kimoja katika kila vifo vitano vya UKIMWI.

Huja polepole, na ndiyo maana unapita zahanati mbili tatu bila kutajwa. Hata maji ya mgongo yenyewe yanaweza kutoka meupe kabisa, na seli ziwe chache, mtu akadhani hamna kitu. Kipimo cha CrAg, kinachotafuta chembechembe za fangasi huyu, ndicho kinachosema kweli: ni kijikaratasi kama cha malaria, na jibu hupatikana ndani ya dakika kumi hivi.

Kinachoua haraka ni presha ndani ya kichwa. Ubongo hutengeneza karibu nusu lita ya majimaji hayohayo ya mgongo kila siku, na kiasi hichohicho hunyonywa kurudi kwenye damu. Fangasi na ute wake huziba njia za kunyonya huku majimaji mapya yakiendelea kutengenezwa. Kwa kawaida presha haizidi sana sentimita 20 za maji. Kwa wagonjwa hawa si ajabu kukuta 40 au zaidi. Pasipo manometa, kifaa cha kupimia presha hiyo, mpira wa dripu ulionyooshwa wima na rula vinatosha: unatazama maji yakipanda, yakipanda, mpaka yanasimama. Mishipa ya fahamu ya macho hubanwa, ndiyo maana ya kuona viwiliviwili. Wengine hupofuka.

Hapo unatoa maji mpaka presha ishuke chini ya 20, au angalau ifike nusu ya ilipoanzia, kwa kawaida bila kuzidi mililita 30 kwa mara moja. Mara nyingi mgonjwa anatulia palepale kitandani. Kesho presha inaweza kurudi, na tunatoa tena.

Na hapa ndipo ndugu wanapokataa. Wamesikia kwamba anayechomwa mgongo hupooza au hufa. Naielewa hofu hiyo, kwa sababu wengi wanaochomwa huwa tayari wako mahututi. Lakini uti wenyewe huishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, nasi tunachoma chini yake. Mgonjwa mwenye udhaifu wa upande mmoja au degedege tunampiga kwanza picha ya kichwa inapowezekana. Wengine wote, kuchelewa kuna hatari kuliko sindano. Katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 kwa wagonjwa wa Uganda na Afrika Kusini, waliotolewa maji tena baada ya kile kipimo cha kwanza walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 69 katika siku 11 za mwanzo. Hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo namba hiyo naichukua kwa uangalifu. Mwelekeo wake, hata hivyo, naukuta wodini kila mara.

Upande wa dawa mambo yamebadilika sana. Zamani ilikuwa amfoterisini, dawa ya fangasi, ya aina ya kawaida kwenye dripu kwa siku nyingi, figo zikiumia, potasiamu ikishuka, damu ikipungua. Utafiti wa AMBITION, uliotoka mwaka 2022 kutoka Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, ulijaribu dozi moja tu kubwa ya amfoterisini iliyofungwa kwenye mafuta, pamoja na vidonge vya dawa nyingine mbili za fangasi, flusitosini na flukonazoli, kwa siku 14. Katika wiki kumi walifariki asilimia 24.8, dhidi ya 28.7 kwa tiba ya wiki nzima, na madhara yalikuwa machache. Mwaka huohuo WHO ikaipendekeza. Flukonazoli peke yake haitoshi. Inamuua fangasi polepole mno, na inaniuma kuona bado kuna mahali mgonjwa anapewa hiyo tu kwa sababu flusitosini haipo stoo.

Ndugu huuliza pia kwa nini hatumrudishii ARV siku hiyohiyo. Utafiti wa COAT ulijibu: walioanza ndani ya wiki moja au mbili walifariki asilimia 45 kufikia wiki ya 26, waliosubiri wiki tano asilimia 30. Kinga inayorudi ghafla huushambulia ubongo uliojaa fangasi. Tunasubiri wiki nne hadi sita.

Kabla ya yote hayo kuna nafasi ya kumkamata fangasi akiwa bado kwenye damu, kichwa hakijaanza kuuma. Utafiti wa REMSTART, Dar es Salaam na Lusaka, uliwapima CrAg watu wenye CD4 chini ya 200 waliokuwa wanaanza ARV, na wahudumu wakawatembelea nyumbani wiki za mwanzo. Vifo vilipungua kwa asilimia 28. Kwa hiyo wewe uliyeacha dawa na sasa unarudi kliniki, omba CD4, na ikiwa iko chini ya 200 omba CrAg kwenye damu hiyohiyo. Na kama kichwa tayari kinauma, mwambie daktari tangu mlangoni kwamba dawa uliacha.