Jeni za mishipa ya damu na saratani ya ovari: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Jeni zinazootesha mishipa ndani ya uvimbe ni jeni mbovu za kurithi.

Jeni inayotajwa zaidi ni VEGFA, na sote tunayo ikiwa nzima kabisa. Ndiyo inayoleta mishipa mipya kidonda kinapopona, na kwa mwanamke hufanya kazi ndani ya ovari kila mwezi baada ya yai kutoka. Uvimbe huitumia kupita kiasi: seli zikirundikana hadi zikakosa oksijeni, huiwasha jeni hiyo ili damu iletwe. Waliogundua jinsi seli zinavyohisi upungufu wa oksijeni, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, walipata Nobel ya tiba mwaka 2019.

Kinachorithiwa katika baadhi ya koo ni hitilafu ya BRCA1 au BRCA2, jeni zinazokarabati DNA. Binti wa mgonjwa akitaka kujua kama naye yuko hatarini, aulizie hizo.

Dhana: Tumbo likijaa maji, tatizo ni ini.

Mara nyingi ni ini kweli, na ndiyo maana saratani hii huchelewa kutambuliwa. Mama anafunga kitenge, anakuta hakizunguki kiuno kama wiki iliyopita, ilhali mikono imekonda na ugali anauacha baada ya matonge mawili. Anapewa dawa za minyoo, kisha za vidonda vya tumbo, na miezi inakwenda.

Katika saratani ya ovari, sehemu kubwa ya maji hayo hutokana na VEGF, protini inayotengenezwa na jeni ya VEGFA, ambayo hulegeza kuta za mishipa hadi majimaji ya damu yakavuja. Kwa kweli ilijulikana kwa kazi hiyo kwanza. Mwaka 1983 Donald Senger, Harold Dvorak na wenzao kule Boston waliieleza kama kitu kinachovujisha mishipa na kujaza maji matumboni mwa wanyama wenye uvimbe. Jina la VEGF lilikuja mwaka 1989, Napoleone Ferrara na wenzake walipoonyesha kuwa inaotesha mishipa pia.

Dhana: Jeni za mishipa zikifanya kazi kupita kiasi, siku za mgonjwa zimehesabika.

Sentensi hii inaumiza watu bure. Tafiti zinazolinganisha jeni na maisha ya wagonjwa hutoa wastani wa kundi, na majibu yake hayafanani. Kipande kilichopimwa kimetoka sehemu moja ya uvimbe, na sehemu nyingine inaweza kusema vingine. Ukitaka kujua hali ya mgonjwa, uliza kwanza ugonjwa umefika hatua gani, ni wa aina gani, daktari aliacha uvimbe kiasi gani baada ya upasuaji, na dawa za kemotherapi zenye platini zimeupunguza vipi. Hayo yana uzito zaidi.

Dhana: Ukiizuia VEGF, saratani imekwisha.

Dawa ya kuizuia ipo, inaitwa bevasizumabu. Katika jaribio la GOG-0218, lililochapishwa mwaka 2011 likiwa na wanawake 1,873, waliopewa dawa hiyo pamoja na kemotherapi kisha wakaendelea nayo walikaa miezi 14.1 kabla ugonjwa haujasonga mbele. Waliopata kemotherapi peke yake walikaa miezi 10.3. Lakini urefu wa maisha kwa jumla haukutofautiana. Jaribio la ICON7 liliongeza jambo muhimu: wale wenye hatari kubwa, kama waliobakiwa na uvimbe zaidi ya sentimita moja katika hatua ya 3 au waliofika hatua ya 4, nusu yao waliopewa dawa hiyo waliishi miezi 39 na zaidi, badala ya 30 na kidogo kwa wasiopewa. Miezi tisa kwa mama mwenye watoto si kitu kidogo.

Mtu angedhani dawa humfaa zaidi mwenye VEGF nyingi. Wengi wamelitafuta hilo, lakini hospitali hazina kipimo cha jeni za mishipa cha kawaida cha kuchagua nani apewe. Jeni inayobashiri ugonjwa utakwendaje si lazima ibashiri dawa itafanya nini.

Anayeitumia apimwe presha na mkojo mara kwa mara, kwa sababu dawa hupandisha presha na kupitisha protini kwenye mkojo. Akishikwa ghafla na maumivu makali ya tumbo asingoje asubuhi, apelekwe hospitali usiku huohuo: utumbo unaweza kuwa umetoboka.